Treni Haina Usukani

Sogeeni, wanangu. Ninyi watoto wa Benaco honi mnaijua. Malori yanayokwenda mpaka wa Rusumo yanazipiga usiku na mchana. Honi ya treni hamjaisikia nyumbani, lakini kwa miaka mingi Tanzania na Rwanda zimekuwa zikizungumzia reli ya kutoka Isaka hadi Kigali, na ikijengwa kupitia Rusumo haitaikwepa Ngara yetu. Bora mjue mapema kwa nini treni hupiga kelele, na namna ya kuipunguza bila mtu kupoteza maisha.

Dereva wa lori akikuta mbuzi barabarani, anakanyaga breki au anakata kona. Treni haina usukani. Gurudumu ni chuma, reli nayo ni chuma: ndiyo sababu injini inavuta mzigo mkubwa kwa urahisi, na ndiyo sababu haisimami upesi. Treni ndefu ya mizigo inaweza kwenda zaidi ya kilomita nzima baada ya breki kufungwa. Dereva anamwona vizuri mtu aliyekwama relini na baiskeli yake, lakini hana la kumsaidia ila honi.

Na honi yenyewe ni kali. Huko Marekani sheria inataka ilie sekunde 15 hadi 20 kabla ya treni kufika kivukoni, yaani pale barabara inapokatana na reli, kwa desibeli 96 hadi 110. Mgonjwa aliyelala jirani anashtuka, mtoto mchanga analia, kila treni, kila usiku. Watu hao wana haki ya kulalamika, nami niko upande wao.

Jimboni Florida walilalamika wakasikilizwa. Miaka ya 1980 miji kadhaa ilipiga marufuku honi za usiku kwenye reli ya Florida East Coast. Vivuko vilikuwa na taa na vizuizi, ila kizuizi kilifunga upande mmoja tu wa barabara, na mwenye haraka alikizunguka. Ajali za usiku zilipohesabiwa, zilikuwa zimekaribia kuwa mara tatu. Mwaka 1991 serikali kuu ikaamuru honi zirudi. Waliinyamazisha honi kabla ya kupata kitu cha kufanya kazi yake.

Baadaye wakajifunza. Tangu 2005, mji unaotaka utulivu unaweza kuweka vizuizi vinavyofunga barabara nzima, au ukuta mfupi katikati ya barabara ili gari lisiweze kuzunguka. Wengine hufunga honi pale pale kivukoni, ikielekezwa kwa wenye magari badala ya kumwagwa mtaa mzima.

Lakini dawa ninayoipenda zaidi ipo hapa hapa Tanzania. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imewekewa uzio, na barabara zinaipita juu kwa madaraja au chini yake. Gari na treni visipokutana, honi ya kuonya gari haina kazi. Reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, bado inakatana na barabara na njia za miguu ardhini, na huko dereva hana budi kuipiga.

Daraja ni ghali, na kulijenga treni zikiwa zimeshaanza kupita ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo wapimaji wakija na vigingi vyao, waonyesheni njia ya kwenda shule, ya kisimani, na ile wanayopita ng'ombe. Kisha waulizeni: hapa tutapita juu, au chini?