Namna ya Kumsaidia Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Aweze Kuketi

Somo letu la leo ni juu ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Kabla ya maelezo tufanye jaribio dogo. Twaeni kalamu na daftari.

Haya, kila mmoja aketi ukingoni mwa benchi. Inueni miguu yote miwili isiguse chini. Msiegemee kitu. Shikeni daftari hewani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili andikeni majina yenu.

(Kituo cha dakika moja.)

Sasa tueni miguu chini, nyayo zote zikanyage sakafu. Wekeni daftari juu ya meza. Andikeni majina yenu tena.

(Kituo cha dakika moja.)

Tazameni maandishi yenu. Bila shaka yale ya pili yamenyoka zaidi. Je, mkono umebadilika? La. Kalamu imebadilika? La. Kilichobadilika ni kiwiliwili. Mara ya kwanza kilikuwa kinayumba, na mara ya pili kimetulia.

Kiwiliwili ni mwili wa mtu bila kichwa, mikono wala miguu. Ni kama shina la mti. Shina likiyumba, matawi hayatulii. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huishi katika hali ile ya kwanza kila siku. Anataka kushika kikombe, lakini nguvu zake zote zinakwisha katika kujizuia asianguke.

Mtindio wa ubongo ni nini? Ni dhara lililoupata ubongo wa mtoto ungali unakua. Huweza kutokea tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza. Pengine mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Pengine alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Pengine alipata manjano kali alipokuwa mchanga, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingine sababu haijulikani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1862 ilichapishwa London taarifa ya daktari William John Little, iliyoeleza uhusiano kati ya uzazi wenye shida na watoto wenye viungo vilivyokakamaa. Wala halipo mbali nasi. Uchunguzi uliofanywa mashariki ya Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii.

Kwa hiyo si laana, wala si kosa la mama. Haiambukizi. Dhara la ubongo lenyewe haliongezeki. Lakini mwili unaendelea kukua, na mtoto akiachwa amelala mkekani miaka yote, viungo hukaza, nyonga huweza kuteguka, na mgongo hupinda.

Wazazi wengi huuliza, “Atatembea lini?” Swali hilo ni la haki. Lakini kuna swali linalotangulia: anaketije anapokula? Mtoto akilishwa huku amelala chali, kichwa kimeangukia nyuma, chakula huweza kupita njia ya hewa. Huweza kumkaba, au kushuka mapafuni na kuleta kichomi. Maradhi ya mapafu huwaua wengi katika watoto hawa. Basi kuketi vema ni jambo la uhai. Tena mtoto aliyeketi huona nyuso za watu, huweza kuchezea kitu kwa mikono, na huweza kupelekwa shule.

Sasa sikilizeni namna ya kumketisha. Anzeni na nyonga. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti. Nyonga zikunjike kama pembe ya sanduku, na magoti vivyo hivyo. Mapaja yaachane kidogo. Nyayo zikanyage chini, au zikanyage ubao ikiwa kiti ni kirefu. Ikiwa anateleza mbele, mfungeni kitambaa kipana juu ya mapaja, karibu na nyonga. Kisipite tumboni. Kichwa kiwe wima, kidevu kimeinama kidogo.

Si lazima kununua kiti cha bei kubwa. Seremala aweza kuunganisha mbao mbili kama pembe ya ukuta. Mbao hizo huzuia mgongo na kuleta mabega mbele, hata mikono ikakutana. Sanduku la maboksi lililojazwa nguo pembeni laweza kufaa. Huko Zimbabwe, katika miaka ya 1980, mwalimu Bevill Packer alifundisha ufundi wa kutengeneza viti kwa karatasi kuukuu na gundi ya unga.

Lakini kiti peke yake hakitoshi. Kiwiliwili hupata nguvu kwa kutumiwa. Mketisheni mtoto mbele yenu, mshikeni kifuani. Mtu mwingine amwonyeshe kitu akipendacho: kijiko kinachong'aa, au uso wa nduguye. Kwanza kiwe mbele, kisha kando kidogo, ili ajinyoshe kukifuata na kurudi mwenyewe. Akiweza, shusheni mikono yenu mpaka kiunoni. Akiweza tena, shusheni mpaka nyongani. Msaada uwe wa kutosha, lakini usizidi. Ukizidi, kiwiliwili hakifanyi kazi.

Zamani watu wengi walidhani tiba ni kumkunja na kumnyosha mtoto huku yeye ametulia tu. Siku hizi wataalamu wa tiba ya viungo wanasisitiza kuwa mtoto hujifunza kwa kutenda mwenyewe, mara nyingi, katika mambo ya kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kucheza. Dakika 10 mara kadhaa kwa siku zinafaa kuliko saa moja ya machozi.

Yako makatazo. Msimwinue kwa kumvuta mikono ikiwa kichwa chake kinaanguka nyuma. Msivute kwa ghafula kiungo kilichokakamaa, maana kitazidi kukaza. Msimwache katika kiti kutwa nzima, mbadilishieni mkao. Na akikohoa au kukabwa kila anapokula, au akilia anapoguswa nyonga, mpelekeni hospitali.

Mazoezi haya hayaondoi dhara la ubongo. Watoto wengine wataketi peke yao, na wengine watahitaji kiti cha kuwategemeza maisha yao yote. Kutegemezwa si aibu. Mtoto anayekula salama na kucheka na wenziwe katika kiti chake amepata faida kubwa.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini ni hatari kumlisha mtoto akiwa chali?
2. Kitambaa cha kumzuia mtoto kitini kifungwe wapi?
3. Kwa nini mlezi hushusha mikono yake kidogo kidogo?
4. Andika sentensi tatu za kumweleza jirani kwamba mtindio wa ubongo si laana.