Kwenye terminali, jua ulipo kabla ya kufuta

Usiku wa Januari 31, 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu duniani kote, alikuwa akihangaika na seva pacha iliyogoma kunakili data kutoka seva kuu. Akaamua kuifuta folda ya data kwenye seva hiyo pacha ili aanze upya. Akaandika amri, akabonyeza Enter. Sekunde moja au mbili baadaye akang'amua kwamba alikuwa ndani ya seva kuu. Aliikatisha amri mbio, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5 tu.

Amri yenyewe haikukosewa hata herufi. Kilichokosewa ni mahali.

Wanaoanza kutumia Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, hujaza madaftari kwa amri za kukariri za terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Ukweli ni kwamba amri za kazi za kila siku ni chache, na mtu huzizoea ndani ya wiki. Kinachomtenganisha mzoefu na mgeni ni kwamba mzoefu hujua wakati wote amesimama wapi ndani ya kompyuta.

Kwenye Windows kila diski ina herufi yake: C, D, E. Linux haina utaratibu huo. Kila kitu huanzia sehemu moja, yaani mzizi, unaoandikwa kwa mkwaju mtupu: /. Ukichomeka flashi, haipewi herufi. Huingizwa kama folda ndani ya mti uleule, na kwenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, utaikuta chini ya /media. Mafaili yako binafsi yako /home, ndani ya folda yenye jina lako la kuingilia. Mipangilio ya mfumo iko /etc. Ukitaka kujua huduma fulani imegoma saa ngapi na kwa nini, mahali pa kwanza pa kuchungulia ni /var/log. Usiweke kazi ya maana ndani ya /tmp, kwa sababu mifumo mingi huisafisha kompyuta inapowashwa upya.

Mpangilio huu haukubuniwa kwa siku moja na mtu mmoja. Unatokana na Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Diski zao za miaka ya mwanzo ya 1970 zilibeba megabaiti chache tu. Programu zilipoifurika diski ya kwanza, nyingine zilihamishiwa ya pili, iliyokuwa na mafaili ya watumiaji na kujulikana kama /usr. Ndipo programu zikawa na makao mawili, /bin na /usr/bin, na Linus Torvalds alipotangaza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, urithi huo uliingia humo. Fedora, toleo jingine la Linux, waliyaunganisha makao hayo mwaka 2012, na wenzao wa Debian wakafuata baadaye. Leo kwenye mifumo hiyo /bin ni kiungo tu kinachokupeleka /usr/bin.

Ndani ya mti huo, amri tatu hukutembeza. Pwd hukuambia ulipo. Ls hukuonyesha vilivyopo hapo. Cd hukuhamisha. Kwenye kibodi huandikwa kwa herufi ndogo, maana Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: Ripoti.txt na ripoti.txt ni mafaili mawili.

Njia ya kufikia faili huandikwa kwa namna mbili. Njia kamili huanza na mkwaju, kama /home/asha/picha, na haibadiliki popote ulipo. Njia fupi, kama picha au ../nyaraka, huhesabiwa kuanzia uliposimama. Nukta mbili maana yake ni kurudi ngazi moja nyuma. Ni kama kumwelekeza mgeni: ukimwambia Dar es Salaam, Kariakoo, Mtaa wa Kongo, atafika kutoka kokote, ukimwambia "kata kushoto hapo mbele", atafika iwapo tu yuko pale unapodhani yuko.

Kuna mafaili ambayo ls haikuonyeshi mpaka uandike ls -a. Ni yale yenye majina yanayoanza na nukta. Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara hizo za Bell, amesimulia kwamba ufichaji huo ulitokea kwa bahati tu: aliyeandika ls alitaka kuziruka alama za folda ya sasa na ya juu yake, ambazo ni nukta moja na nukta mbili, akaangalia herufi ya kwanza pekee. Tangu hapo kila jina lenye nukta mbele likawa halionekani. Kwenye simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux, status za WhatsApp ulizozitazama huwekwa katika folda iitwayo .Statuses, na wengi hawaioni kwa sababu ya nukta hiyo.

Hatari huanzia kwenye kuhamisha na kufuta. Amri za cp (kunakili) na mv (kuhamisha) zikikuta jina lilelile huko ziendako, kwa kawaida huliandika faili jipya juu ya la zamani bila kuuliza. Rm, amri ya kufuta, haina pipa la taka la kwenda kuokotea. Na nafasi moja tu ya kibodi yatosha kukuponza. Tazama hizi mbili:

rm picha*
rm picha *

Ya kwanza hufuta mafaili yote ambayo majina yao yanaanza na "picha". Ya pili hujaribu kufuta faili liitwalo picha, kisha hufuta kila faili lililomo kwenye folda uliyosimama, isipokuwa yale ya nukta. Nyota hutafsiriwa kuwa orodha ya majina kabla rm haijaanza kazi, hivyo rm yenyewe haina habari kwamba umeteleza.

Kinga yake ni nyepesi: andika kwanza ls picha*, usome orodha, ndipo urudi na kuibadilisha ls kuwa rm. Ongeza -i ukitaka uulizwe kwa kila faili. Bonyeza Tab ili kompyuta ikumalizie jina; ikikataa, huenda hupo unapodhani. GitLab waliponea nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, huku njia zao nyingine za akiba zikiwa hazifanyi kazi. Baada ya hapo, miongoni mwa hatua walizojipangia ni kubadilisha maandishi ya mwanzo wa mstari wa amri ili yaonyeshe wazi ni seva ipi.

Mwenye simu ya Android anaweza kuanza leo kwa kusakinisha Termux, programu ya terminali. Andika pwd, utaona uko mbali kabisa na picha zako, ndani ya folda ya programu hiyo pekee. Usiiruhusu bado kufikia hifadhi ya simu. Tengeneza folda kwa mkdir, ingia, jaza mafaili matupu kwa touch, kisha yahamishe, yanakili na kuyafuta kwa nyota. Ukiteleza humo, hasara yako ni mafaili matupu.