Kutembea Nchi ya Tembo Bila ya Kulionja

Huko Ulaya iko desturi ya watu kufunga safari kwenda kupumzika katika mashamba ya mizabibu. Wafaransa na wageni wao huchukua baiskeli, au huenda kwa miguu, wakapita shamba hata shamba wakitazama zabibu zinavyochumwa na mvinyo unavyotiwa mapipani. Jirani zetu wa Tanzania nao wana mizabibu yao Dodoma. Sisi wa Mombasa mizabibu hatuna, lakini nchi ya tembo tunayo, tena karibu mno. Akaaye Changamwe aweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya Magharibi. Nchi hiyo ni Rabai, na mbele yake Kaloleni, ambako minazi ni mingi na wagema ni wengi vile vile.

Hapana shaka msomaji atauliza: Mwislamu ana shughuli gani huko? Swali ni la haki. Kinacholevya ni haramu, kiwe kingi au kichache, na juu ya hilo hapana mjadala. Lakini mimi sikwenda kunywa. Nilikwenda kunyoosha miguu, na kuona jinsi jirani zetu wanavyoishi na mti ambao wengi wetu tunaujua kwa tui lake tu.

Mwenye kupenda baiskeli asijaribu kutoka nayo Changamwe kwa barabara kuu, kwani malori ya makontena hayampi mtu nafasi. Afadhali kupanda matatu, ukapita Mikindani na Miritini, ukashuka Mazeras. Hapo ndipo njia ya Kaloleni inapoachana na ile ya Nairobi, na hapo ndipo matembezi yanapoanza. Njia yapanda kilima polepole, upepo unakuwa mwepesi, na kelele za malori zinabaki nyuma.

Zamani watu hawakupita huku. Walikwenda kwa mashua kwa mkono wa bahari hadi Jomvu, kisha wakapanda kwa miguu. Wajomvu, walio katika Miji Tisa ya Waswahili wa Mombasa, walikuwa na ujirani na biashara na Warabai tangu dahari. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliweka makao yake Rabai mwaka 1846 pamoja na mwenziwe Rebmann, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, baada ya yeye kufa. Basi njia hii si ya jana.

Ukifika kwenye minazi, mtazame mgema. Shina la mnazi wake limekatwakatwa pa kukanyagia, naye hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu ubavuni. Karara lingali halijafunguka hulifunga kwa kamba lisipasuke, akalikata ncha, akatega kibuyu. Kila apandapo hukata kipande chembamba kama ukucha ili maji yasizibe. Maji hayo yakitoka mtini ni matamu, lakini huanza kuchachuka humo humo kibuyuni, bila ya mtu kutia kitu. Likipita jua moja huwa kali, na likiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba tembo tamu ni maji matupu. Ukali wake umekwisha kuanza kabla halijashushwa.

Jambo jingine ambalo mgema mmoja alinionyesha kwa kidole ni hili. Katika mnazi uliostawi, upunga huwa kidaka, kidaka kikawa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, na koroma ikawa nazi. Lakini karara likigemwa, safari hiyo yote imekatika. Mwenye mnazi hana budi kuchagua: ama tembo leo, ama nazi kesho. Tembo huleta fedha kila siku. Nazi hutaka subira ya miezi mingi. Mwenye karo ya mtoto hupata tabu kungoja. Mimi niliyezoea kulalamika bei ya nazi sokoni Changamwe, siku ile nilifahamu sehemu ya sababu.

Tusidhani tena kwamba tembo kwa Wamijikenda ni la mangweni tu. Posa, matanga, faini ya wazee, hata kuuziana minazi, yote yalikuwa na kibuyu chake, na wale walionywa ndio waliokuwa mashahidi. David Parkin, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza, alikaa na Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 akatoa kitabu kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses, yaani minazi, tembo na mashahidi. Humo aeleza habari ya ajabu. Baadhi ya watu waliokuwa wakinunua minazi na mashamba walipandwa na pepo wa Kiislamu, na waganga wakawaambia hawatapona mpaka waache tembo na washike dini. Wakasilimu. Jirani hawakuona kuwa wamedharauliwa, kwani maradhi si kiburi. Nao waliosilimu wakaepukana na gharama ya kunyweshana. Lakini wazee wale wale wakaendelea kuwahitaji, kwani mnazi ulionunuliwa bila ya shahidi una kesi ndani yake.

Habari hii yatuhusu sisi. Wengi wetu wa bara, Changamwe, Kisauni na Likoni, tuna wakwe, wajomba na marafiki katika Wamijikenda. Hualikwa harusini na matangani, na mara nyingi twatoa udhuru tusiende, tukiogopa kibuyu. Jamaa nao husema: fulani tangu apate dini hatutaki tena. Hilo ndilo linaloumiza, kuliko tembo lenyewe.

Katika boma tulilopumzika, mimi na mwenzangu, mzee wa mji alikuwa na kibuyu chake mbele yake. Mwenzangu akasema, “Baba, sisi twafunga mambo hayo, lakini tumekuja kukuamkia.” Mzee akacheka, akamwita mjukuu, “Hebu waangulie hawa Waislamu madafu.” Tukanywa dafu, yeye na lake, tukazungumza mvua, bei ya kopra na barabara hadi adhana ya Adhuhuri ikasikika kwa mbali. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha mahali safi pa kuswali, na maji ya kutawadha akatuletea mjukuu yule yule.

Basi mwenye nia ya kwenda, na aende mapema kabla jua halijakaza. Avae viatu vya kutembea na nguo za heshima, asipige picha za watu bila ya idhini, na asiingie shambani kwa mtu bila ya kupiga hodi. Achukue sukari au majani ya chai kwa wenyeji. Na akikaribishwa kitini penye kibuyu, akae, aseme neno lake kwa upole, angoje dafu.