Kufundisha Uchoraji wa Sura ya Mtu kwa Penseli na Biro

Katika somo la sanaa ni mazoezi machache yanayowakatisha wanafunzi tamaa upesi kama kuchora sura ya mtu. Mti uliochorwa vibaya hubaki kuwa mti; lakini jicho likipanda kidogo tu, darasa zima hucheka, na mwalimu huenda akasema, "Huyu hana kipaji." Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kinachokosekana aghalabu si kipaji bali mazoea ya kutazama, na kwamba mazoea hayo yaweza kufundishwa kwa vifaa ambavyo shule nyingi zinavyo.

Kupima kabla ya kuchora

Mwanafunzi anayeanza huchora anachodhani, si anachokiona. Kwa kuwa macho, pua na mdomo ndivyo vinavyomvutia, hulipunja paji la uso na kuyapandisha macho karibu na nywele. Dawa yake ni kupima. Wanafunzi waketi wawili wawili wakitazamana. Mchoraji anyooshe mkono bila kukunja kiwiko, afumbe jicho moja, apime kwa penseli kutoka utosini hadi machoni, kisha kutoka machoni hadi kidevuni. Atastaajabu kuona kwamba vipimo hivyo viwili vyakaribia kulingana. Mwalimu asimwandikie jibu ubaoni, amwache aligundue.

Kwa njia hiyo hiyo ataona kuwa nafasi iliyo baina ya macho hutosha jicho moja, na kwamba masikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Hivi ni vipimo vya wastani tu. Kila mtu huvikiuka kidogo, na tofauti hizo ndizo zinazomtambulisha.

Nuru na kivuli

Anayechorwa akae kando ya dirisha ili nuru imfikie kutoka upande mmoja. Mchoraji afumbe macho nusu. Mambo madogo madogo yatapotea na sehemu za nuru na za kivuli zitajitenga. Penseli ya HB yafaa kwa mistari hafifu ya mwanzo, na ya 2B au 4B kwa vivuli. Wanafunzi wengi huipaka ngozi nyeusi weusi wa namna moja, sura ikawa bapa. Waelekezwe kutazama jinsi nuru inavyong'aa kwenye paji la uso, mgongo wa pua na mashavu. Hapo karatasi iachwe ionekane.

Kwa nini biro?

Katika ziara moja ya mazoezi ya kufundisha nilimwona mtoto aliyefuta jicho lile lile mpaka karatasi ikatoboka. Aliikunja, akaisukuma ndani ya dawati, na hakuchora tena siku ile. Niliporudi chuoni nilianza kuwapa wanachuo wangu biro baada ya majuma machache ya penseli. Wino wake haufutiki kwa urahisi. Kwa hiyo mchoraji hulazimika kutazama kwanza, kisha kuchora. Mstari uliokosewa huachwa, na ulio sahihi huchorwa kando yake.

Biro ikiguswa karatasini kwa wepesi hutoa mstari hafifu, na ikikandamizwa hutoa mzito. Kivuli hujengwa kwa mistari iliyokaribiana, kisha mingine ikaikatiza. Kanuni ni kuanza na wepesi kuelekea weusi, kwani weusi haurudi nyuma. Ncha ipanguswe kwa kitambaa mara kwa mara, kwa maana wino hujikusanya na kuacha madoa.

Kutathmini

Mwalimu asitoe alama kwa kufanana peke yake. Kila mchoro uandikwe tarehe na kuhifadhiwa, kisha wa kwanza ulinganishwe na wa sita mbele ya mwanafunzi mwenyewe. Hapo ataona kwa macho yake kwamba amejifunza, na mwalimu atasita kabla ya kusema tena kwamba mtoto fulani hana kipaji.