Tanuru Lililokuwa Bibi Arusi

Wanafunzi wa Wampembe na wa nchi yote ya Ufipa, leo tutazungumza juu ya ilungu, yaani tanuru refu la udongo la kuyeyushia mawe ya chuma.

Ilungu lilifika kiasi cha mita 3. Halikuhitaji mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa mirija ya udongo iliyowekwa chini.

Je, kwa nini wazee walilitia dawa? Kwao, tanuru jipya lilikuwa bibi arusi, na fundi mkuu alikuwa mumewe. Chuma kilichotoka tumboni mwake kilikuwa mtoto. Basi, siku za kuyeyusha, mafundi hawakulala na wake zao, wasije wakaiharibu ndoa ile wakakosa chuma. Bila chuma hakuna jembe, na bila jembe hakuna chakula.

Majembe ya dukani yaliikomesha kazi hiyo katika karne ya 20. Malungu machache yangali yamesimama, lakini mvua inayabomoa.

Je, karibu na kwenu liko? Msilibomoe. Mwulizeni mzee jina la kila sehemu yake, mkaandike daftarini. Hiyo ndiyo faida ya kujua kuandika.