Mchanga wa Ukambani Si Ufuo wa Pikipiki

Likizo imewadia. Kijana wako ana pikipiki, yake au ya kuazima kwa mjomba, na hamu yake kubwa ni kuiendesha mchangani kama alivyoona katika picha. Mombasa ni mbali, karibu kilomita 480 kutoka Nairobi, na mafuta ni ghali. Basi anapiga hesabu nyingine: kwa nini asiende nyumbani kwa nyanya, Kitui au Makueni? Huko mito imejaa mchanga mpana: Kaiti na Thwake upande wa Makueni, Tiva na Enziu upande wa Kitui. Miezi mingi ya mwaka haina maji ya kuonekana.

Ukimuuliza kama inaruhusiwa, atakujibu kwamba mto ni mali ya umma. Hapo hajakosea. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kuwa mito yote ni ardhi ya umma, sawa na ufuo ulio baina ya maji kupwa na maji kujaa. Lakini mali ya umma ni mali ya watu wote, na katika hao yumo mama anayechimba kisima mchangani ili watoto wapate maji ya kunywa. Mto haukutengwa kuwa barabara.

Msomaji, mchanga ule ni tangi. Mvua ikinyesha, maji huingia kati ya chembe na kukaa humo, yamefichika jua kali lisiyakaushe. Katika mchanga wa chembe kubwa, karibu robo ya ujazo wake yaweza kuwa maji ya kuchoteka. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na wanavijiji wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mawe na saruji zinazokinga mchanga usichukuliwe na mafuriko. Makueni nayo ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya malori kuuhamisha kwa wingi na ugomvi kuleta mauaji.

Sasa fikiria pikipiki kumi zikipigishwa mbio hapo. Kingo za visima hubomoka. Oili inayovuja huzama katika maji yale yale. Punda waliobeba mitungi hushtuka. Raha ya alasiri moja humlazimu mtu mwingine kuchimba upya.

Tena kuna hatari kwa mwendeshaji mwenyewe. Mto wa mchanga haupigi hodi. Mvua hunyesha milimani, na maji hufika chini huku jua likiwaka. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Kama basi zima lilichukuliwa, pikipiki itasimama wapi? Na kumbuka kuwa likizo ya Desemba huangukia katika majira ya mvua za Oktoba hadi Desemba.

Je, ziko fuo ambako magari yanaruhusiwa? Ndiyo. Huko Daytona Beach, Marekani, mashindano maarufu ya pikipiki yalifanywa ufuoni kuanzia 1937, lakini mwaka 1961 yalihamishiwa uwanja wa lami. Hata leo magari huruhusiwa katika sehemu maalumu za ufuo huo, kwa ada, na mwendo usiozidi kilomita 16 kwa saa. Hata huko, mahali pametengwa na sheria zimewekwa. Kwetu, fuo za Watamu na Malindi zinapakana na hifadhi za bahari zilizoanzishwa mwaka 1968, na kasa hutaga mayai mchangani. Alama ya gurudumu ni handaki kwa kasa mchanga anayetafuta maji.

Basi usimnyime kijana safari, mwelekeze. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui inamtosha. Akifika Kitui, apande ngazi za jiwe la Nzambani, ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba utageuka, mwanamume awe mwanamke na mwanamke awe mwanamume. Asikate njia kupitia mbuga ya Tsavo, kwani pikipiki haziruhusiwi humo.

Kabla hajaondoka, kagua leseni na bima. Yeye na abiria wake wavae helmeti na jaketi zinazong'aa, na abiria asizidi mmoja. Mto auvuke pale barabara inapovukia tu, na maji yakiwa yanapita, angoje hata kama ni hadi kesho. Akitaka kujaribu mchanga, ajaribu katika shamba la mtu aliyempa ruhusa, mbali na mto.

Akifika mtoni, ashuke, aegeshe pikipiki ukingoni, amsaidie nyanya kuteka maji. Atakapoona jinsi maji yanavyochuruzika polepole kisimani, hatahitaji kuambiwa mara ya pili kwa nini magurudumu yabaki barabarani.