Mtutumko wa Aota na Cherehani ya Houston

Aota ni mshipa mkuu unaochukua damu kutoka moyoni, ukapinda kifuani na kuteremka hadi tumboni. Ukuta wake ukidhoofika, aghalabu kwa uzee, uvutaji wa sigara au shinikizo la damu, sehemu hiyo hututumka mithili ya tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Wengi huiita hali hii uvimbe. Kwa maoni yetu neno hilo lapotosha, kwani msomaji hudhani ni nyama iliyoota, ilhali ni mshipa wenyewe uliopanuka. Katika makala haya tutatumia neno mtutumko. Mara nyingi mtutumko hauumi. Ukipasuka, mgonjwa aweza kufa kwa dakika chache.

Tiba yake imekopa mengi katika ushonaji. Daktari huubana mshipa juu na chini ya mtutumko ili damu isimame, huupasua, kisha hushona ndani yake mrija wa kitambaa, na hatimaye huufunika mrija huo kwa ukuta wa mshipa wa zamani. Mwaka wa 1951, mjini Paris, Charles Dubost alitumia kipande cha mshipa wa maiti. Vipande hivyo vilikuwa adimu na havikudumu. Michael DeBakey wa Houston, Marekani, aliyefunzwa kushona na mamake, alikwenda dukani kutafuta nailoni. Ilikuwa imekwisha, akauziwa dakroni. Alishona mirija yake ya kwanza kwa cherehani nyumbani. Dakroni ingali inatumika hadi leo, ingawa tangu Juan Parodi alipofanya jaribio lake Buenos Aires mwaka wa 1990, wagonjwa wengi hupitishiwa mrija kwenye mshipa wa kinenani bila kupasuliwa tumbo.

DeBakey alibobea pia katika maradhi ya jirani, yaani kuchanika kwa tabaka za ndani za aota. Desemba 31, 2005, akiwa na umri wa miaka 97, maradhi hayohayo yalimpata. Alikataa kupasuliwa, nani aliyezijua hatari zake kumshinda yeye? Februari 2006 alipoteza fahamu katika Hospitali ya Methodist, Houston, alikokuwa amefanya kazi kwa miongo mingi. Maandishi yaliyokuwa kwenye faili yake yalisema hataki upasuaji. Baadhi ya madaktari wa nusukaputi walikataa kushiriki, naye mkewe akashikilia kuwa apasuliwe. Kamati ya maadili ilikutana usiku, ikaidhinisha. George Noon, mwenzake wa miaka mingi, alimshonea mrija wa dakroni kwa muda wa takriban saa saba.

Baadaye DeBakey alisema madaktari walifanya sawa. Hata hivyo, kauli ya aliyepona haimalizi swali la ridhaa, kwani asingepona asingeulizwa. Aliruhusiwa kwenda nyumbani Septemba 2006, akaishi hadi Julai 2008, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 100.